Chungu cha Jukwaani

Mwalimu Mhina amefariki mwaka huu, kwao Muheza, baada ya kuugua kwa muda mrefu. Habari tuliipata kwenye kundi la WhatsApp la watu tuliosoma pamoja chuoni, lile kundi ambalo siku za kawaida ni la kutakiana asubuhi njema na kutangaziana viwanja, na kabla hata ratiba ya mazishi haijatoka mtu akaweka picha ya zamani. Jukwaa la mbao, pazia lililoshonwa kwa mashuka ya hosteli, kijana mwenye ndevu za pamba ameinua chungu juu ya kichwa chake, na msichana amepiga magoti mbele yake. Chini ya picha wakaanza. "Dah, siku ile tulicheka jamani." "Mwalimu alikuwa fundi, apumzike kwa amani." "Halafu jamaa akakosea jina, nikataka kufa!" Mimi siku ile nilikaa safu ya mbele kabisa, na nakumbuka vizuri nani alicheka na nani alinyamaza. Kijana wa ndevu za pamba yumo kwenye kundi lile, hakuandika neno. Msichana hayumo, nilimwalika mara kadhaa, akasema hana kazi nalo. Niliizima simu nikaenda kupalilia mchicha wangu kwa hasira, hasira ya mtu wa umri wangu ambaye hana hata wa kumgombeza, na nilipoona nimeng'oa mchicha pamoja na magugu nikajua kwamba mwaka ule haujaisha kwangu. Basi nausimulia.

Ulikuwa mwaka wangu wa pili chuoni, kule chini Usa River ambako mashamba ya kahawa yalifika hadi ukutani na mvua ikianza haikujua kuacha. Chumba chetu kilikuwa na vitanda viwili, dirisha moja lisilofunga vizuri, na jiko la koili tulilolificha ndani ya sanduku la nguo, maana matroni alikuwa na pua ya paka. Naserian, niliyekaa naye chumba kimoja, alikuwa Mwarusha wa Oldonyo Sambu, mrefu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe, na hakujua kunong'ona. Kila mtu wa kwao aliyeshuka sokoni Ngaramtoni na kuendelea mjini alipewa ndoo ya loshoro amletee, mahindi yaliyopikwa yakachanganywa na maziwa mgando, nasi tuliyala tumekaa kitandani na kitabu kimefunguliwa kwa heshima tu. "Ninyi watu mnakula maziwa yaliyokufa," nilimwambia. "Na ninyi Wachaga mnapika ndizi na magadi kama mnalisha mbuzi," alinijibu, na ndoo ikaisha. Loshoro lile alilipika mama yake. Naserian alipofungua mfuniko alinusa kwanza, akafumba macho, akasema, "Yeyo," ndivyo wanavyomwita mama, kisha ndipo akachota. Nilidhani ni mbwembwe. Sasa na mimi nina watoto walio mbali, na najua hazikuwa mbwembwe.

Aminieli alikuwa Mchaga mwenzangu, wa Machame, mpole wa aina ile inayokera, mtu anayeomba radhi kwa kiti alichokigonga. Wavulana hawakuruhusiwa hosteli yetu, kwa hiyo jioni alisimama chini ya dirisha letu akijifanya anasoma matangazo ukutani, na Naserian akamsemesha kutoka juu kwa sauti ambayo hata wapishi jikoni waliisikia. Mimi niliyeishi katikati ya mapenzi yao nilijua yote: kwamba wataoana wakimaliza chuo, kwamba wameshagombana kuhusu majina ya watoto, kwamba Aminieli hulitaja jina la Naserian hata akitembea peke yake, kama mtu anayekariri mtihani. Kikwazo kilikuwa Mzee Lemburis, baba yake Naserian. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mzee wa kanisa, mfugaji mwenye maneno machache, na binti yake, aliyekuwa akibishana na wahadhiri bila kupepesa macho, alishusha sauti kila alipomtaja. Wakapanga hivi: chuo kinaandaa mchezo wa kuigiza, Naserian yumo, mzee ataalikwa. Atamwona binti yake, atacheka, atakula vizuri, na akiwa ameshiba ataletewa Aminieli asalimie. Ndoa yao yote waliiegemeza kwenye alasiri hiyo moja.

Mchezo wenyewe ulikuwa komedia ya kale ya Ulaya, ya karne zilizopita, ambayo Mwalimu Mhina aliitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili chake kitamu cha Tanga. Baba mkaidi anataka kumwoza binti yake kwa rafiki yake mzee mwenye mali. Binti ana kijana wake. Watumishi wanamzungusha baba mpaka anakubali huku akidhani wazo lilikuwa lake. Watu wameicheka hadithi hiyo miaka na miaka na sioni kwa nini wasiendelee. Mwalimu akaihamishia chini ya Mlima Meru, akampa Aminieli nafasi ya baba kwa sababu ya unene wa sauti yake, na Naserian akawa binti, aliyeitwa Roza. Jambo moja tu lilimsumbua. Kwenye maandishi ya asili, baba akifika kileleni mwa hasira hutupa glasi ukutani na kumkana binti yake. "Glasi haina uzito hapa," alisema mwalimu. "Baba wa huku akighadhibika hufanya nini?" Naserian akadakia, "Kwetu baba akikasirika mpaka mwisho havunji glasi, mwalimu. Anavunja chungu." Mwalimu alifurahi kama aliyeokota pesa. Mimi nilikuwa pembeni nashona pindo la pazia, nikasema hilo tuliache, maana hata kwetu Uchagani chungu kinachovunjwa kwa maneno ni laana, na laana ya chungu haimwangalii aliyekuwa anatania. Naserian akanitazama kwa huruma. "Ndeshi, wewe umesoma au umepita tu shuleni?" Wakacheka wote, na mimi nikacheka. Akaenda mwenyewe sokoni Ngaramtoni, akakigongagonga kila chungu kwa kidole akisikiliza mlio, akanunua kilicholia vizuri. Na kwa kuwa chungu hakivunjiki mara mbili, majuma yote ya mazoezi Aminieli alitupa chini dumu tupu la mafuta ya kula, na watu wakazoea kucheka.

Siku ya mchezo ilikuwa Jumamosi ya Novemba, na ulianza saa kumi alasiri ili wageni wa mbali wawahi kurudi. Mzee Lemburis alikuja na mdogo wake, Mzee Lota, wote wamevaa makoti ya kanisani juu ya shuka, fimbo mkononi, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kukaa nao na kuwafafanulia pale Kiswahili cha Tanga kitakapowazidi. Hakikuwazidi. Mzee alicheka kabla yangu. Mtumishi alipomficha kijana ndani ya gunia la maharage, mzee alijipiga paja akamwambia mdogo wake kitu kwa Kimaa, wakacheka mpaka wakashikana mabega. Naserian alipotoka amevaa gauni la matroni lililopunguzwa kiunoni, mzee akamtazama kwa uso ambao nilitamani Naserian auone, kwa sababu nina hakika hakuwahi kuonyeshwa uso ule nyumbani. Kisha akaniinamia. "Huyu mzee wa uongo ni mtoto wa nani?" "Wa Machame, baba." "Anajua kukasirika," akasema, na ilikuwa sifa. Niliona kazi imekwisha kabla haijaanza. Moyoni nilikuwa nimeshashona sare ya harusi.

Ndipo chungu kikaletwa. Aminieli alikuwa ameigiza vizuri mno siku ile, watu wamempigia makofi mara nyingi, damu imemchemka, na mkononi kwa mara ya kwanza ana kitu kizito cha kweli. Akakiinua. Naserian yuko chini amepiga magoti. Maneno tuliyajua wote kwa moyo, na alipaswa kusema Roza. "Nakivunja chungu hiki," akanguruma. "Kuanzia leo Naserian si binti yangu! Mlango wangu haumjui, zizi langu halimjui, na popote alipo asiniite baba!" Kikapasuka. Jina lile alikuwa amelibeba mdomoni mwaka mzima, na mdomo ukilewa makofi hutoa ulichonacho. Ukumbi ukalipuka kwa kicheko, maana kila mtu alijua ni nani wake. Naserian mwenyewe alicheka, mabega yake yalitikisika. Kando yangu Mzee Lemburis alikuwa amesimama. Hakupiga kelele. Alipanda jukwaani na Mzee Lota nyuma yake, wakainama, wakaanza kuokota vigae, kimoja kimoja, wakiviweka ndani ya shuka, na watu wakazidi kucheka wakidhani ni sehemu ya mchezo. Nilimwona Naserian anapoacha kucheka. Alimtazama baba yake amepiga magoti usawa wake, akatafuta kigae kilichorukia chini ya pazia, na akaanza kumsaidia.

Kwenye chumba kidogo cha kulia nilikuwa nimeandaa machalari, ndizi na nyama ya mbavu, na soda za aina zote. Nilileta maji ya kunawa, mzee akatikisa kichwa. Aminieli aliingia na gundi ya ndevu bado shavuni, na kabla hajafungua mdomo mzee akamuuliza, "Jina la mtoto wangu ulilipata wapi?" Aminieli akageuza macho kumtafuta Naserian, na kwa hilo alijibu. Mwalimu Mhina akaingilia kwa adabu zake zote za pwani. "Mzee wangu, yale ni maigizo tu. Hakuna aliyekusudia." "Nimeelewa ni maigizo," mzee akasema. "Mimi nilicheka. Chungu kimevunjika kweli, au kimevunjika kwa maigizo?" Mwalimu akatazama meza. Aliitwa mchungaji wa chuo, akasema tuombe, Damu ya Yesu imeshamaliza mambo hayo. Tukaomba, mzee naye akaitikia amina vizuri kabisa, kisha akasema jambo ambalo nimelisikia kichwani mwangu mara nyingi tangu siku ile: "Mchungaji, mimi nimebatizwa. Chungu hakijabatizwa." Wakaondoka na vigae. Machalari tuliyala sisi wawili chumbani, kwa kuwa ni dhambi kutupa chakula, na Naserian alikuwa bado anatania. Aliiga sauti ya baba yake. Alisema atapoa.

Desemba chuo kilifungwa, kila mtu akaenda kwao kula Krismasi. Siku mbili kabla ya sikukuu Naserian alibisha hodi nyumbani kwetu mjini, Kaloleni, na begi lake, vumbi la Oldonyo Sambu bado miguuni. Mama yangu alimpokea kama anavyopokea wote, kwa chai na maswali, lakini jikoni nilimsikia akimwambia dada yangu, "Mtoto wa watu mzima hivi, Krismasi hii, hana kwao?" Naserian naye alisikia, nyumba ile kuta zake zilikuwa za mbao. Usiku ule hakula. Kesho yake, tukimenya viazi vya pilau uani, ndipo aliponiambia. Alifika kwao, akakuta mama yake amesimama kwenye uzio wa miiba, ndani, na yeye akaambiwa asimame hapo nje. Wifi yake alikuwa amejifungua mwezi ule. Mtoto yule mchanga akabebwa haraka akapelekwa nyumba ya nyuma, laana ya chungu isimfikie. Mama akampitishia chakula chini ya uzio. "Alikiweka chini, Ndeshi, akarudi nyuma, ndipo mimi nikakiokota. Alikuwa analia. Hakunigusa. Mama yangu hakunigusa." Kisu kilikuwa mkononi na kiazi kimoja alikuwa amekimenya mpaka kimebaki saizi ya njegere. Nikamwambia yale ambayo kila msomi angesema: kwamba ni imani potofu, kwamba wataelewa taratibu, kwamba tuko dunia nyingine sasa. Aliniacha nimalize. "Mimi siamini," akasema. "Yeyo ndiye anaamini, na mimi namtaka Yeyo." Nikamwondolea kile kisu mkononi.

Januari ilikuwa mbaya. Ndoo za loshoro ziliacha kuja. Naserian akaacha kujibizana na wahadhiri, akawa anaamka mapema na kukaa kitandani amejifunga shuka, anatazama ukuta. Aminieli alisimama chini ya dirisha na kusoma matangazo yaleyale bila mtu wa kumsemesha. Alikonda. Alikwenda kwa mchungaji, akaenda kwa Mwalimu Mhina, ambaye alizeeka ghafla kwa jambo lile na hakuweka tena mchezo wowote jukwaani kwa muda wote niliokuwa chuoni. Katikati ya Februari Mzee Lota alikuja chuoni peke yake. Alitukuta watatu kwenye viti vya nje ya maktaba, akakaa, akasema wazee wameongea na dawa ipo. Kondoo yupo. Chungu kipya kipo. Anatakiwa aliyevunja, aje, ayarudishe maneno yake. Naserian alimrukia yule mzee shingoni kama mtoto. Aminieli akasema hata kesho. Nilifurahi mpaka nikasahau kuuliza kitu, na sidhani kama swali langu lingebadilisha lolote.

Tulikwenda watatu, na upande ule wa mlima Februari ni kukavu. Meru unaouona ukiwa Usa River umevaa misitu. Ukiwa Oldonyo Sambu ni mlima mwingine kabisa, mkavu wa mgongo, na upepo unaingia masikioni. Wanaume walimchukua Aminieli upande wa zizi. Mimi niliitwa ndani kwa mama, kwenye nyumba yenye giza na moshi mtamu wa kibuyu kinachofukizwa kwa ajili ya maziwa. Alikuwa mwanamke mdogo wa mwili, nami nilikuwa nimemtarajia mkubwa, sijui kwa nini. Kiswahili chake kilikuwa kidogo. Hakuniuliza jina. "Anakula?" akauliza. Nikasema anakula kidogo. "Analala?" Nikasema ndiyo, na hakuniamini. Akashika mkono wangu, akaugeuza, akaupapasa kiganja, na nikaelewa kwamba ananigusa mimi kwa sababu mimi nalala chumba kimoja na mtoto wake. Naserian alikuwa amesimama nje ya uzio, tulimwona kupitia mlangoni, upepo unampiga gauni. Mama hakumwondolea macho hata alipokuwa anaongea nami.

Mzee Lota ndiye aliyemweleza Aminieli, kwa Kiswahili, na upepo ulituletea maneno yote mle ndani. Chungu cha baba hurudishwa na baba. Aliyevunja alisimama mahali pa baba na kusema maneno ya baba. Kwa hiyo akirudisha atakaa mahali hapohapo, kwenye kigoda, kando ya Lemburis, amefunikwa shuka, na kuanzia hapo yeye ni rika la Lemburis na Naserian ni binti yake. "Na mtu wa rika letu," Mzee Lota akamalizia, pole pole, bila ubaya wowote, "haoi binti wa rika letu. Hiyo wewe unaijua. Hata ninyi Wachaga hamuoi watoto wenu." Ng'ombe mmoja alikohoa. Nikasikia Aminieli akiuliza, "Na nikikataa?" "Hakuna atakayekushika. Utarudi chuoni, utakula, utalala." Sauti ya Mzee Lemburis ndiyo iliyoongeza, mara ya pekee aliyosema siku ile kabla ya kazi kuanza: "Mimi ningependa ukatae, kijana. Nilikupenda pale ukumbini. Lakini nina mke ambaye hajala tangu Krismasi." Mama alikuwa ameacha kupapasa kiganja changu. Sijui kama alielewa maneno. Alielewa kwamba jambo limefika.

Aminieli aliomba kwenda kuongea naye. Walisimama kwenye uzio, yeye ndani, Naserian nje, na kwa kuwa Naserian hakujua kunong'ona nilisikia upande wake wote. "Usikae," alimwambia. "Twende. Twende hata Nairobi, tukafunge ndoa serikalini, nani atatufuata?" Aminieli akasema kitu. "Nimesikia, nitamkosa. Basi nitamkosa! Watu wangapi hawana mama?" Na aliposema hivyo aligeuza uso kutazama mlango wa nyumba, mlango ambamo mimi na mama yake tulikuwa tumekaa gizani asituone, na Aminieli akamwona alivyotazama. Nadhani ni hapo alipoamua. Alibaki ameshika mti wa uzio muda kidogo, kisha akageuka akaenda akakaa kwenye kigoda. Naserian alimwita kwa jina. Akamwita tena, akamtukana, tusi la sokoni ambalo sikujua analijua. Kondoo alikuwa ameshaletwa. Mzee Lemburis alimfunika kijana kwa shuka yake mwenyewe, wakashika chungu kipya cha maziwa pamoja, mikono minne, na Aminieli akasema kwa ile sauti nene, safari hii bila makofi: "Niliyemtoa nimemrudisha. Naserian ni binti yangu. Mlango wangu unamjua." Mama alinipita mlangoni mbio, hakungoja uzio ufunguliwe, alijipenyeza kwenye miiba, na tulipomtoa mikono yake ilikuwa inachuruzika damu na Naserian yuko ndani ya mikono hiyo.

Watu huniuliza, wachache ninaowasimulia, kama Aminieli alifanya vizuri. Mume wangu, ambaye si mtu wa maneno mengi, alisema yule kijana alikuwa mwoga, alipata njia ya heshima ya kukwepa vita. Siku nyingine nakubaliana naye. Naserian alikuwa amechagua, alichagua kwa sauti iliyofika mpaka zizini, naye akamchagulia kingine. Ni nani aliyempa haki hiyo? Halafu namkumbuka yule mama kwenye miiba na nanyamaza. Aminieli alioa huko Singida na ana watoto wakubwa. Naserian aliolewa Longido, na siku ya sherehe yake Aminieli aliitwa, akaketi na wazee wenye mvi, akapewa blanketi la baba kama wengine, kijana wa miaka thelathini na kitu, akalikunja vizuri akaliweka magotini. Nilikuwepo. Alikula kidogo akaondoka mapema, na mimi nilijifanya nashughulika na sahani ili nisimwage machozi mbele ya wakwe.

Lakini lililonikaa zaidi ni la juma lile tuliporudi kutoka Oldonyo Sambu. Kwa siku kadhaa hawakuonana. Naserian alikuwa amebaki kwao, analala na mama yake kitanda kimoja. Aliporudi alikuja moja kwa moja kwenye bwalo wakati wa chakula cha mchana. Mimi na Aminieli tulikuwa kwenye foleni, yeye mbele yangu, sahani ya bati mkononi, wali na maharage kama kila siku. Naserian akapita kando ya watu wote, akasimama mbele yake, karibu kabisa. Alikuwa amesukwa upya, nywele za kichwa kizima, mikono ya mama yake hiyo. Akainamisha kichwa, kama mtoto wa kwao anavyomwinamia baba aguswe utosini. "Shikamoo, baba," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko nilivyowahi kuisikia. Niliishi naye, nilijua namna anavyosalimia, na ile haikuwa salamu. Alikuwa anamuuliza. Angemwita jina lake tu, pale pale, mbele ya foleni, naamini mpaka leo wangetoka mlango ule pamoja na yote ya Oldonyo Sambu yangekuwa kazi bure. Kichwa kilibaki kimeinama. Mpishi alikuwa ameinua upawa, anangoja sahani. Aminieli alimtazama utosini, kwenye ule mstari mweupe wa mafuta kati ya misuko, akatazama kwa muda mrefu kuliko baba yeyote anavyotazama, kisha akaweka kiganja chake juu yake.

"Marahaba, mwanangu," akasema.